Korosho Arobaini za Debora

Debora alihamia kwetu Kiranjeranje akiwa na miguu miwili na mdomo mmoja kama watu wote, ila mikono alikuja nayo minne. Nasema minne kwa sababu nilimwona kwa macho yangu ghalani, msimu wake wa kwanza. Wanawake kumi na wawili tumekaa juu ya turubai tunachambua korosho, nzuri huku, mbovu kule. Sisi wengine tunashika moja, tunaigeuza, tunaitazama, tunamsengenya mtu kidogo, ndipo tunaitupa upande wake. Yeye haangalii. Anakutazama usoni, anakuuliza habari za wajukuu, na huku chini mikono inarusha korosho kama kuku anayepekua jaa. Karani wa ghala alikuja kukagua lundo lake, akaitafuta mbovu hata moja katikati ya nzuri asiione. Akaondoka amenuna, maana kazi yake ilikuwa kukosoa na siku ile hakuipata.

"We binti wa Rondo," nikamwambia, "macho umeyahamishia vidoleni?"

"Shikamoo bibi. Daraja la kwanza halina haja ya kutazamwa. Ukiigusa korosho, yenyewe inakwambia."

Nikaitika marahaba, lakini moyoni nikajua huyu tutagombana. Mimi simpendi mtu anayejua kitu kunishinda kabla hajamaliza mwaka kijijini.

Mumewe ni Sebastiani seremala, mtu mpole sana, ukimwagiza kiti cha Idi unakipata Idi ya mwaka wa pili. Walishuka kutoka Rondo kufuata shamba la ufuta, wakajenga ng'ambo ya kijito, upande wa barabara kubwa, hatua chache kutoka kituo cha afya. Sisi tuko upande huu wa kijito, upande wa mashamba. Kiangazi unakivuka bila kuvua ndala. Masika kinajisahau kuwa ni kijito.

Mwaka kijiji kilipotafuta mhudumu wa afya wa jamii, mkutano ulijaa. Wanaume watatu walijitokeza, kila mmoja kavaa viatu. Mtendaji wa kijiji akauliza ni nani aliye tayari kuvizunguka vitongoji vyote, mvua na jua, kwenda kutazama watoto wa watu. Wale watatu wakainama wakatazama viatu vyao. Debora akanyoosha mkono kutoka nyuma kabisa, mtoto mgongoni.

"Huyo mgeni," mtu akasema. Sitaficha, alikuwa mimi.

"Kikohozi nacho ni mgeni, bibi," akajibu. "Kinakuja kila masika bila kualikwa, na mnakipa mahali pa kulala."

Watu wakacheka, wakampitisha. Akaenda kwenye mafunzo, akarudi na mfuko, daftari na jambo moja alilolishikilia kama kupe: kuhesabu pumzi. Alisema mtoto akikohoa usisikilize kikohozi, kikohozi kina makelele mengi na maneno machache. Mfunue kifua, umhesabie pumzi kwa dakika moja. Mtoto wa mwaka mmoja hadi asiyetimiza mitano, pumzi zikifika arobaini, mapafu yana vita. Wa miezi miwili hadi asiyetimiza mwaka, hamsini. Kichanga chini ya hapo hakuna kubahatisha nyumbani: akipumua mbiombio, akiwa na homa au akigoma kunyonya, anakwenda kituoni.

Lakini nani wa kuhesabu? Sisi wengine shule tuliipita kwa nje. Na hata waliosoma, mtoto hatulii, jirani anachungulia mlangoni anaomba chumvi, ukifika kumi na tisa umeshapotea unaanza upya. Debora alilisumbukia jambo hilo wiki mbili. Sebastiani anasema mkewe alikuwa akihesabu hata pumzi zake yeye wakati anapiga randa, mpaka akaogopa kupumua.

Dawa aliipata ghalani. Alichukua mabakuli mawili ya bati, akachagua korosho arobaini za daraja la kwanza, kavu, za mti mmoja, akazitia katika bakuli moja. Hamsini zikahitajika, anaongeza kumi kutoka kwenye kikopo kingine. Mtoto anapakatwa na mamaye akiwa ametulia, hanyonyi, halii. Simu yake ya kitochi anaitegesha ilie baada ya dakika moja. Tumbo likipanda na kushuka, korosho moja inahama bakuli. Simu ikilia na korosho zimebaki, mtoto ana mafua yake tu. Korosho zikiisha na simu bado imenyamaza, hapo hakuna habari ya uji wala ubani, ni kituo cha afya. Hata asiyejua kuandika jina lake analiona bakuli tupu.

Wakamwita Mama Korosho. Mimi ndiye niliyelianzisha jina, nikidhani litamuudhi. Akalipenda.

Msidhani alikuwa mtu wa kukimbiza kila mtoto kwa daktari. Lightness, jirani yangu, alimng'ang'ania siku moja ampe mwanawe vidonge. Debora akahesabu, simu ikalia korosho tisa zimebaki.

"Mpe maziwa yako kila anapotaka. Mpe maji ya vuguvugu, msafishe pua. Kashatimiza mwaka, asali kijiko kidogo inamfaa. Asiyetimiza mwaka usimwonjeshe asali kamwe."

"Na dawa?"

"Ndiyo hiyo nimekupa."

"Hiyo ni chai, Mama Korosho. Mimi nataka dawa. Basi nitampa vile vya rangi mbili alivyobakisha baba yake alipoumwa jino."

"Vilete nivione."

Lightness akavileta. Debora akavitazama, akavitia mfukoni mwake, akaaga. Alitukanwa kutoka mlangoni kwa Lightness mpaka msikitini, asigeuze shingo, akavipeleka kituoni vikateketezwe. Juma lililofuata mtoto anacheza, Lightness kamletea mihogo. Vidonge lakini hakuvisamehe, mpaka leo anavitaja.

Sasa nije kwenye yangu.

Kwetu sisi watu wa zamani, kikohozi kisichokoma kina mwenyewe, naye ni kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Tulifundishwa kwamba kinarefuka, kinalitekenya koo, mtoto anakohoa, na tiba yake ni kukatwa. Changu kilikatwa nikiwa mdogo. Kilikuwa kirefu kama ulimi wa kinyonga, fundi alikianika juu ya paa na kunguru watatu wakakigombania mpaka mmoja akatoka na upofu. Ndiyo maana mdomo wangu una nafasi kubwa hivi, maneno yanageuka humo bila kugongana.

Kwa miaka ishirini nilikuwa mshika kichwa wa Fundi Abilahi. Yeye anakata, mimi namshika mtoto kichwa kisitikisike. Ni kazi ya heshima. Mtoto anapigana, anapiga mateke, na wewe viganja vyako vinakuwa mlango uliofungwa. Nilijisifu kwamba hakuna kichwa kilichowahi kuniponyoka.

Masika iliyopita, kitukuu changu Hussen akashikwa na kikohozi. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne, mtoto wa mjukuu wangu Mwanaidi, na anakaa kwangu. Siku ya kwanza nikamsugua mafuta. Siku ya pili nikasema masika hiyo. Siku ya tatu nikampigia simu Fundi Abilahi, ambaye siku hizi anakaa kwa mwanawe upande wa Milola. Akasema atapanda basi kesho asubuhi. Nikamfunga kuku wa malipo yake miguu nikamweka chini ya kitanda.

Mwanaidi hakubisha. Ni mpole, na mimi sina mazoea ya kubishiwa. Lakini asubuhi yake, kabla ya Fundi, nikasikia hodi, na aliyeingia ni Debora na mfuko wake. Nikajua ameitwa kwa siri.

"Shikamoo bibi. Nasikia Fundi yuko njiani."

"Marahaba. Na masikio nayo yako vidoleni?"

"Yako vidoleni yote." Akakaa kwenye mkeka. "Nimekuja kumhesabu Hussen."

"Mhesabu. Zikiisha, mchukue umpeleke unakotaka. Zikibaki, mtoto ni wangu na Fundi wake."

"Zikibaki nitarudi kesho kumtazama tena. Ila kimeo chake kiacheni mahali kilipo. Kimeo hakikohoi, bibi. Kinachokohoa ni kifua."

"Mimi nimeshika vichwa vya watoto kabla mama yako hajavunja ungo."

"Ndiyo maana mikono yako imechoka," akasema, akacheka, akapanga mabakuli yake mawili, akatoka uani kunawa.

Mwanaidi alikuwa chumbani anamvua mtoto shati. Mimi nimebaki peke yangu na lile bakuli.

Pindoni mwa kanga nilikuwa na korosho zangu, za kuokota mwisho wa msimu, nilizokuwa nikizipeleka jikoni kuzichoma. Sikuwaza sana. Niliwaza kuku aliyefungwa chini ya kitanda, na Fundi ndani ya basi, na miaka ishirini yangu ya heshima kunyang'anywa na bakuli la bati la binti wa Rondo. Nikafungua pindo, nikachota konzi moja, nikaitia bakulini, nikachanganya kwa kidole. Debora aliporudi mimi natazama dari.

Akahesabu. Macho kwenye tumbo la Hussen, mkono wenyewe unahamisha. Tumbo lilikuwa linakwenda kasi, hata mimi niliona, lakini niliona pia bakuli halimaliziki, nikafurahi. Simu ikalia. Zimebaki nne.

Debora akazitazama zile nne. Akavisugua vidole vyake gumba na shahada, kama mtu aliyeshika unga wenye mchanga.

"Leo vidole vyangu vina nini," akasema.

"Uzee. Unaanzia huko."

Hakucheka. Akamgeukia Mwanaidi. "Hesabu imekaa upande mzuri, lakini karibu na ukingo. Sasa sikiliza. Akikataa ziwa, akitapika kila anachomeza, akilegea, au ukiona hapa, chini ya mbavu, panabonyea ndani kila anapovuta pumzi, usimngoje mtu. Hata mimi usiningoje." Akamimina korosho zote katika mfuko wake, akaenda zake nyumba za mbele. Mvua ikaanza.

Ilipokaribia adhuhuri kikohozi kikanyamaza. Nyumba nzima ikawa kimya. Hapa ndipo lilipo kosa letu sisi watu wa kikohozi: tumezoea kulisikiliza lile kohokoho, likikoma tunasema mtoto kapoa. Nikamwambia Mwanaidi, "Umeona? Kimeo kimesikia Fundi anakuja, kimeogopa."

"Bibi, hataki ziwa."

"Ameshiba."

"Kashiba nini, hajanyonya tangu asubuhi."

Hapo hapo Fundi akabisha hodi, matope mpaka magotini, akanywa maji, akaulizia mgonjwa. Akatandika kitambaa chake, akaweka kijiko, na kisu chake chenye ncha iliyopinda. Mimi nikakaa mahali pangu pa miaka yote, miguu nimeinyoosha, nikampokea Hussen, nikakishika kichwa.

Niliwashika watoto wengi, na vichwa vyote vilipigana. Hiki hakikupigana. Kililala viganjani kama embe lililoiva. Tena kila alipovuta pumzi kichwa kilinisukuma, taratibu, nyuma na mbele, kama kinaniitikia jambo. Nikatazama kifuani. Chini ya mbavu palikuwa panabonyea ndani, panarudi, panabonyea. Maneno ya Debora yakanijia, nikayafukuza. Kiburi ni mnyama wa ajabu, unamlisha mwenyewe halafu anakuzuia mlango.

"Mfungue mdomo," Fundi akasema.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Debora alikuwa amelowa mpaka maji yanatiririka puani, na mkono mmoja ameukunja ngumi. Akaja mpaka mbele yangu akaufungua. Korosho.

"Bibi, hizi za nani?"

"Korosho ni korosho."

"Hizi zimenyeshewa. Zina madoa, nyepesi, mbili zimeshaanza kuoza. Daraja la pili." Sauti yake haikupanda. "Nimezimimina kwenye ungo kwa Lightness nimhesabie mwanawe, nikaziona. Bakuli langu halijawahi kulala na daraja la pili tangu nilianze. Zangu arobaini zipo zote. Za mgeni ni kumi na tano."

"Labda panya..."

"Panya huchukua, bibi. Haongezi."

 Nilikuwa na uongo mwingine saba umejipanga nyuma ya ule, mmoja una mpaka jini ndani yake, lakini wote ukakataa kutoka.

"Jumla hamsini na tano, zikabaki nne," Debora akasema. "Asubuhi nilihamisha hamsini na moja. Nikamwacha mtoto wa pumzi hamsini na moja humu ndani, nikaenda zangu."

Fundi Abilahi akanitazama. "Mwahija, ulifanya nini?"

 Debora hakunitazama tena. Akampigia magoti Fundi, kama mtu anayempa mzee maji, akaweka mabakuli mawili mbele yake, lile lililojaa na lile tupu.

"Fundi, mkono wako hautetemeki, wote wanajua. Nihesabie wewe. Humu mna arobaini, zihesabu kwanza. Kisha tumbo likipanda na kushuka, hamisha moja. Mimi nitashika simu, sitagusa kitu kingine."

Alijua alichokuwa anafanya. Fundi ni mtu wa kazi, na mtu wa kazi ukimkabidhi kipimo hawezi kukikataa. Akazihesabu arobaini. Mwanaidi akampakata mtoto. Simu ikategeshwa. Tumbo likapanda, Fundi akahamisha. Likapanda, akahamisha. Mkono wake ulikuwa mwepesi na haukumtosha, ikabidi aharakishe. Sote tukawa tunaitazama ile simu tunaiomba ilie. Bakuli likaisha. Mkono wa Fundi ukaingia ukatoka mtupu, ukaingia tena ukatoka mtupu, na tumbo linapanda, tena, tena. Ndipo simu ikalia.

Fundi akabaki ameushika utupu ule.

"Nimewakata watoto wengi sana waliokuwa wakikohoa," akasema polepole. "Wakapona."

"Wangepona hata ungewakata kucha," Debora akasema. "Vikohozi vingi huisha vyenyewe. Na wale walioondoka hapa na damu, wakavimba koo, mama zao hawakurudi kukueleza."

Nilidhani atakasirika. Akakifuta kisu ambacho hakikuwa na kitu, akakikunja kitambaani. "Huyu si wa kwangu," akasema. "Mchukueni."

Debora alikwisha kumfunga Hussen mgongoni, juu, karibu na shingo, amefunikwa na kanga kavu ya Mwanaidi. Alipofika mlangoni akageuka.

"Bibi, na wewe unakuja."

"Mimi nifuate nini huko?"

"Tabibu atauliza mtoto amekuwa hivi tangu lini, na kwa nini amechelewa. Jibu analo mtu mmoja tu."

Kijito kilikuwa kimesahau jina lake. Maji mekundu, yanabeba magogo. Ng'ambo tulimwona Sebastiani amesimama na mlango mpya aliokuwa anaupeleka kwa mwalimu wa upande wetu, amekwama nao tangu maji yalipopanda. Debora akamwita kwa jina la mtoto wao, "Baba Jerome, vuka na huo mlango." Akavuka nao kichwani. Sasa hapa watu wakinisikia hucheka. Kweli niliwahi kusema kwamba mamba wa mto Mbwemkuru alinipisha njia akaniamkia, na ile ilikuwa chumvi. Hili la mlango halina chumvi. Debora alitangulia na mtoto, maji mapajani, mguu hauendi mpaka umepata pa kukanyaga, Mwanaidi amemshika kiuno kwa nyuma. Mimi, kwa kuwa ni mfupi, Sebastiani na Fundi Abilahi, aliyetufuata, waliniweka juu ya mlango wa mwalimu wakaunyanyua mabegani, nikavushwa kama bibi harusi. Nimevushwa hivyo na sina nilichostahili zaidi ya kuachwa kwenye matope. Katikati ya maji Debora aliteleza goti moja. Mkono wake wa nyuma haukuteremka hata kidole. Akasimama, akaendelea.

Kituoni tabibu anaitwa Consolata, mwili mkubwa sauti ndogo. Alimfunua Hussen mara moja tu, akaita watu. Wakambana kidole na kidude kinachosoma hewa iliyo kwenye damu, wakamwekea mpira wa oksijeni puani, wakamchoma sindano. Tabibu akasema homa ya mapafu, kali, na kwamba hewa imeanza kupungua. Kisha akauliza, kama Debora alivyosema, amekuwa hivi tangu lini na kwa nini kachelewa.

Debora akanigeukia. Mwanaidi akanigeukia. Nikasema mimi. Nikasema nilitia konzi ya korosho bakulini ili nishinde ubishi. Ilikuwa mara ya kwanza niseme jambo bila kuliongeza kitu, nikashangaa lilivyo fupi.

Consolata hakunigombeza. Aliandika. Ingekuwa afadhali angenigombeza.

Siku mbili sikula. Nilikaa kwenye benchi nikitazama lile tumbo likipanda na kushuka, na kila likipanda nilihamisha korosho moja moyoni, nikashindwa kila mara. Debora alikuja asubuhi na jioni, anavua viatu mlangoni, anasalimia. Shikamoo yake ilikuwa ile ile, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Siku ya tatu Hussen alifumbua macho akaliona bakuli la bati, akanyoosha mkono kuchukua korosho aitie mdomoni. Debora akaiondoa haraka.

"Hiyo si ya mtoto, itakukwama kooni," akamwambia. Kisha akategesha simu, akahesabu. Ikalia. Akanisogezea bakuli. Nikazigusa zilizobaki moja moja. Kumi na moja. Nikamtazama kumuuliza kama zote ni zake.

"Ni zangu zote, bibi. Nimezikagua."

Tulipewa vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, vya siku kadhaa. Hussen alipofika nyumbani siku ya pili tu alikuwa anamkimbiza yule kuku wa Fundi, ambaye sasa amefunguliwa na ana maringo. Mwanaidi akauliza kama vidonge vilivyobaki avitunze, maana mtoto kapona. Debora hakubishana. Kila asubuhi na jioni alivuka kijito akasimama mlangoni petu, mikono nyuma, mpaka kidonge kimeyeyushwa na kunywewa, mpaka cha mwisho.

Siku ya cha mwisho alinijia jikoni na mabakuli mawili mapya.

"Upande huu wa kijito nyumba ni ishirini na mbili," akasema. "Mimi naishi ng'ambo. Maji yakijaa sifiki. Wewe hutoki nyumbani, na watoto wote wa hapa unawajua mpaka mafua ya babu zao. Utashika bakuli."

"Mimi? Baada ya yale?"

"Mikono iliyoshika kichwa cha Hussen ilijua kabla yangu. Mwanaidi ameniambia ulivyobadilika uso. Ulijua, ukanyamaza. Sasa nataka mikono ile ijue na iseme." Akaweka bakuli. "Zihesabu."

Nikazihesabu. Arobaini, kavu, zinang'aa, za mti mmoja.

Fundi Abilahi alirudi Milola bila kuku, hakutaka. Nasikia kisu chake siku hizi anakatia kamba za magunia ya ufuta. Mimi nina simu ya kitochi, Mwanaidi ameniwekea mahali pa kubonyeza. Nimehesabia watoto wengi masika hii. Wengi korosho hubaki, nawarudisha na ushauri wa maziwa na maji ya vuguvugu, wananuna kama alivyonuna Lightness. Wawili korosho zimeisha, tukavuka.

Jana amekuja huyo Lightness mwenyewe, mwanawe anakohoa, amenuna kwa kuamshwa. Nikaleta mabakuli, nikapiga goti. Hakukaa.

"Bibi," akasema, "kwanza pindo."

Ni desturi ya kitongoji kizima sasa, hakuna mama anayeanza bila hilo. Nikafungua pindo la kanga, nikalikung'uta mbele yake. Tupu. Akainama juu ya bakuli, akazihesabu kwa kidole moja moja, akaigeuza kila moja kutafuta madoa, na mimi nimekaa nimemngoja. Arobaini.

"Haya," akasema, akamfunua mtoto shati. "Tegesha simu."